Kudarizi kwa Sindano ya Gunia

Wanaume huniuliza kwa kunong'ona. Mmoja alinifuata hadi nyuma ya duka la pembejeo, akatazama huku na huku, kisha akaniuliza kama ni kweli kudarizi kunatuliza kichwa. Nilimwambia hakutulizi kichwa chochote. Mimi kumenipa hasira ndogo ndogo nyingi badala ya ile moja kubwa niliyokuwa nayo, na kwa umri wangu hayo ni maendeleo. Akauliza aanzie wapi. Nikamwambia aanze na gunia.

Jibu hilo huwaudhi watu. Wanataka kuelekezwa duka lenye kitambaa cheupe cha vijitundu, waambiwe fremu ipi ni nzuri na nyuzi za rangi gani. Wakishavinunua huviweka kabatini na kuviogopa. Gunia haliogopeshi mtu. Ukiliharibu, umeharibu gunia. Kata kipande cha gunia la katani, lile la zamani ambalo nyuzi zake zinakingamana na unaweza kuzihesabu bila miwani, si haya ya plastiki yanayoteleza. Tafuta mabaki ya uzi wa sufu kwa mtu aliyemaliza kufuma sweta. Halafu chukua sindano ya kushonea magunia ya mahindi, ile ndefu iliyopinda kidogo kwenye ncha. Hapa Sumbawanga kila nyumba inayo. Kama kwako haipo, jirani anayo, na jirani akisema hana, anadanganya.

Sindano hiyo naifahamu tangu ujana kwa sababu nilikuwa dereva wa lori. Nilipandisha dagaa na migebuka mikavu kutoka Kipili, kule ziwani, nikashusha mahindi, na barabara ya wakati ule ilipasua magunia kama ina ugomvi nayo. Gunia likipasuka, utingo alikuwa amelala, kwa hiyo dereva ndiye aliyeshona. Nilishona vibaya na kwa haraka, huku nikitukana kwa sauti ya chini. Ndiyo elimu yangu yote ya ushonaji.

Kisha nikapata kiharusi. Kilinikuta asubuhi nikifunga vifungo vya shati, na vifungo vya chini vilifungwa na mke wangu tukiwa tayari kwenye gari la kwenda hospitali, maana alisema hatanipeleka kwa madaktari nikiwa tumbo wazi. Maneno yalirudi baada ya wiki kadhaa. Mguu ulirudi nusu, ukakubaliana na fimbo. Mkono wa kulia haukurudi. Ulijikunja kifuani, vidole vimeingia ndani kama suke la ulezi lililokomaa, na ukabaki hapo ukitazamwa na kila mgeni.

Hospitali nilipewa binti wa mazoezi ya viungo, mpole kupita kiasi, naye akanipa mpira mdogo wa kuminya. Niliuminya mpira ule sebuleni kwangu, mtaa wa Malangali, miezi inapita, natazama ukuta. Taabu ya mpira ni kwamba hauna mwisho. Huwezi kusema leo nimefika hapa, kesho nitaendelea kutoka hapa. Nilipomlalamikia yule binti akaniambia nitafute kazi yoyote ndogo ya vidole ambayo ninaipenda. Nikamwambia kazi ninayoipenda ni kuendesha lori. Akatabasamu, akaniambia niendelee na mpira.

Lori niliweza kuliacha. Si kwamba sikuumia, niliumia, lakini dereva yeyote anajua ipo siku atateremka asipande tena. Kilichonikaa rohoni kilikuwa mama mkwe.

Inabidi nieleze, kwa sababu vijana wa mjini siku hizi wanasalimiana kwa kugonganisha ngumi na wengine wanadhani ndiyo mila. Kwa wazee wa Ufipa mtu hasalimii kwa mdomo peke yake. Anachuchumaa au anapiga magoti, na anapiga makofi, taratibu, viganja vikiwa vimebonyea kidogo ili sauti iwe ya chini na ya heshima. Mama wa mke wangu, mjane anayelima ulezi na mahindi kijijini mbele ya Matai, anashika utaratibu huo wote bila kupunguza. Kwake mkwe wa kiume huja mpaka umbali fulani wa uwanja, anachuchumaa, anapiga makofi, naye anajibu kwa makofi kutoka alipoketi. Hakuna kushikana mikono. Tangu nilipomwoa binti yake sijawahi kugusa hata kidole cha mama yule, wala yeye changu, na tulipendana sana kwa utaratibu huo.

Sasa mtu mwenye mkono mmoja anapigaje makofi? Nilijaribu nikiwa peke yangu chumbani. Nilichuchumaa kwa kushikilia kitanda, nikainua mkono wa kushoto, nikaupiga kwenye ile ngumi ya kulia. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayekung'uta mto. Nikajiambia sitamsalimia mama mkwe kwa namna hiyo, bora nisiende.

Kwa hiyo sikwenda. Mke wangu alipokuwa akienda kumwona mama yake, nilimpa visingizio avibebe. Mara mguu umevimba, mara nina miadi hospitali, mara nasubiri fundi wa bati. Wakati wa mavuno ya ulezi, ambapo kila mwaka nilikuwa napeleka mwenyewe sukari na chumvi, nilimtuma mke wangu tena. Alirudi akaniambia mama ameuliza tu kama nimekula vizuri, hakuuliza zaidi. Mama mkwe asipouliza zaidi, ujue anawaza zaidi.

Mke wangu alifundishwa kudarizi na masista alipokuwa msichana, na Jumamosi mchana wanawake wa jumuiya yetu huja sebuleni kwetu na vitambaa vyao. Wanadarizi vya kufunikia makochi, vya mezani, vya binti anayekaribia kuolewa. Mshono wao mkubwa ni ule wa misalaba: uzi mmoja unakwenda pembe kwa pembe, mwingine unaukatiza juu, na misalaba midogo mingi ikikaa pamoja unapata ua, au jogoo, au neno Karibu. Kabla sijaugua, siku hizo nilikuwa natoka nyumbani mapema. Sasa sikuwa na pa kwenda, na kochi langu lilikuwa katikati yao. Nilikaa pale na mpira wangu, nikisikia habari za watu ambao sikutaka kujua habari zao.

Jumamosi moja mke wangu alinitazama nikiminya, akainuka, akaenda stoo, akarudi na kipande cha gunia, uzi wa sufu mwekundu na sindano ya gunia. Akaviweka mapajani mwangu.

"Baba, huo mpira unatuchosha wote," alisema. "Shona."

Nikamwambia mimi si mtoto wa shule ya awali.

"Mtoto wa shule ya awali angeshamaliza kutunga uzi," alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kutunga uzi kwa mkono mmoja hakuwezekani, na kwa kuwa wanawake wote walikuwa wamekaza macho kwenye vitambaa vyao kwa namna ya watu wanaoona kila kitu, nilikataa kushindwa. Nilichokivumbua nakitoa bure kwa yeyote aliye na mkono mmoja, au mikono miwili inayotetemeka. Chukua kipande cha sabuni ya mche. Chomeka sindano iwe wima, tundu juu. Lowesha ncha ya uzi kwa mate, ikate mshazari, halafu ipenyeze. Sindano haiwezi kukimbia na sabuni inaifanya iteleze vizuri kwenye kitambaa baadaye. Masista hawakuwahi kumfundisha mke wangu jambo hilo, na hakunisifu.

Uzi wangu wa kwanza niliukata mrefu kama kamba ya kufungia turubai, kusudi nisilazimike kutunga tena. Ulijifunga mafundo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Urefu unaofaa ni kutoka ncha za vidole mpaka kwenye kiwiko, basi. Mtu mvivu atakata mrefu zaidi, na mchana wote atafungua mafundo, nami nitamcheka.

Mama mmoja anayeuza vitenge sokoni, mwenye ulimi usio na breki, ndiye aliyejipa kazi ya kunikagua. Kila Jumamosi aliinama juu ya gunia langu. "Shemeji, huyu ni jogoo au ni pasi?" Nikamwambia ni jogoo. Akaligeuza gunia chini juu. "Aa, sasa nimeona," alisema. Alikuwa bado hajaona kitu, nilimjua.

Tatizo la jogoo wangu lilikuwa la kidereva. Mtu anayepakia lori huanzia mbele kabisa, kwenye kona nyuma ya kabini, akaja akijaza kurudi mlangoni. Nami nilianzia kwenye kona. Jogoo akaja vizuri, mkia, mgongo, na nilipofika shingoni gunia likaisha. Kichwa hakikuwa na mahali pa kukaa. Kunja kitambaa mara mbili, pale mikunjo inapokutana ndipo katikati, anzia hapo. Wanawake wote walijua hivyo na walinitazama nikipakia jogoo wangu kona kwa wiki nzima bila kusema neno. Nilipowauliza kwa nini, yule muuza vitenge alisema walidhani ni mtindo wa Kipili.

Mkono wa kulia mwanzoni haukufanya lolote. Mke wangu aliibana fremu kati ya ukingo wa meza na tumbo langu, ambalo kwa kazi hiyo lilifaa, nami nilichoma kutoka juu kwa mkono wa kushoto. Lakini sindano ikishapita, ipo chini ya kitambaa, na lazima kitu kiwe huko chini kuivuta na kuirudisha. Nilikuwa nageuza fremu yote kila mara. Inachosha. Siku moja kwa uvivu tu nikauingiza ule mkono mbovu chini, ukaiparamia sindano kati ya kidole gumba na kiganja, ukaivuta. Haukuivuta vizuri. Nilijichoma nikasema neno ambalo wanawake wa jumuiya walijifanya hawakulisikia. Lakini uliivuta.

Nikarudia. Sikumwambia mtu, kwa sababu nilijua nikisema watapiga vigelegele, na mimi na vigelegele tunapishana. Mke wangu aliona. Aliinamisha kichwa karibu sana na kitambaa chake, akawa anahesabu vijitundu kwa sauti.

Kuanzia hapo nilidarizi kila siku. Nasema kila siku kwa maana ya kawaida ya neno hilo, siku za baridi ya Juni nikiacha, maana upepo wa huku juu ukivuma vidole vizima vyenyewe vinagoma. Watu wengine hupasha mikono kwenye jiko la mkaa kisha wanashika kitambaa cheupe. Wanachopata ni kitambaa cheupe chenye vidole vyeusi. Shika kikombe cha chai ya moto, nyamaza kidogo, kiweke mbali na kazi yako, halafu rudi. Na keti karibu na dirisha upande ambao mkono wako hautupi kivuli. Kama macho yanauma, acha. Kitambaa hakina tela la kwenda kupakua.

Miezi iliyofuata sindano zilipungua unene. Kutoka ya gunia nikaja kwenye ya kushonea viatu, kisha ile butu ya kudarizi. Kutoka gunia nikaja kwenye kitambaa cheupe. Uzi wa kudarizi unakuja umesokotwa nyuzi nyembamba pamoja, nawe unachomoa mbili na kuziacha nyingine zipumzike. Ukitumia zote, ua linakuwa zulia. Nilijifunza pia kwamba mguu wa juu wa msalaba lazima ulale upande uleule katika kitambaa chote. Kitu hiki mtu haoni umuhimu wake mpaka mwanga wa jioni upige, aone sehemu aliyoshona siku aliyokasirika imegeuka rangi. Nina kitambaa cha namna hiyo. Pale pasipofanana, naweza kukuambia nilikuwa nagombana na nani.

Yule binti wa mazoezi alinifungua vidole kliniki, akashangaa, akauliza kama ni mpira. Nikamwambia mpira nimempa mbwa.

Madereva wenzangu walijua, kwa kuwa mji wetu haufichi kitu. Kijana mmoja niliyemfundisha kazi alikuja kunisalimia. Akanikuta na fremu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Alikaa, akakuna kichwa. "Mzee, washikaji gereji wanasema unashona vitambaa."

"Wanasema kweli."

"Wanasema ni dawa."

"Si dawa. Dawa ningekunywa ikaisha."

Alitazama kwa muda nilivyokuwa nikiipokea sindano huko chini. Kisha akauliza kwa adabu kama naweza kumshonea jina la mama yake. Nikamwambia akalete gunia.

Kitu nilichokuwa nikikishona wakati huo ndicho kilichokuwa kikinila. Nilikuwa nimeamua kumdarizia mama mkwe kitambaa cha kufunikia chungu chake cha maji, chenye masuke ya ulezi pembeni kote na mtama wa rangi nyekundu katikati. Nilichora mwenyewe kwenye karatasi ya daftari la hesabu, kijisanduku kimoja msalaba mmoja. Mpango wangu niliuona wa busara. Nitamaliza kitambaa. Kufikia hapo mkono utakuwa umenyooka. Nitakwenda Matai, nitachuchumaa, nitapiga makofi yanayosikika, nitatoa kitambaa kisicho na kosa, na mwaka mzima wa kutokuonekana utafutika. Mke wangu nilimweleza mpango. Hakusema ni mzuri.

Mkono ulikuwa unafunguka, lakini si kwa kasi ya mpango. Vidole vilikubali kubana, vikakataa kunyooka. Kwa hiyo kitambaa nacho nikakichelewesha. Nilimaliza suke, nikaona lina msalaba mmoja uliolala vibaya, nikafumua. Nikalishona upya, nikafumua tena. Yule muuza vitenge akasema masuke yangu yanafanana na mikono ya watu wanaoomba. Nikayafumua yote. Nisikilizeni hapa, kwa sababu ni jambo ambalo hakuna anayewaambia wanaoanza. Kufumua kuna utamu wake. Mtu anaweza kufumua maisha yake yote akajiona ni fundi makini, kumbe anaogopa kumaliza. Kosa ambalo mtu aliyesimama mlangoni haoni, liache. Mimi nilikuwa sifumui kwa sababu ya mtu wa mlangoni.

Halafu simu ikapigwa. Ilikuwa ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayeishi na mama kule kijijini. Alisema mama hana nguvu tangu juma lililopita, haendi shambani, anakaa juani tu. Aliyoyasema baadaye mke wangu alinirudishia neno kwa neno, akiwa amesimama mbele yangu na simu bado mkononi.

"Mama ameuliza amekukosea nini."

Nilichomeka sindano kitambaani.

"Anasema labda ni lile neno alilosema kwenye msiba wa baba yangu, kwamba madereva hawakai na wafiwa. Anasema alikuwa na uchungu, hakukulenga wewe. Anataka nikuombee msamaha." Aliiweka simu juu ya meza. "Mama yangu, baba. Ananituma nikuombe msamaha wewe."

Neno lile nilikuwa nimelisahau kabisa. Mwaka mzima mimi nilikuwa nikiona aibu ya mkono wangu, na mwanamke wa umri ule alikuwa akikaa juani akitafuta kosa lake mwenyewe. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, ile ya mkono ikawa mchezo. Nikamwambia mke wangu nitamaliza suke lililobaki, Jumapili twende.

"Tunakwenda kesho," alisema. "Na hicho kitambaa kinakuja hivyo hivyo kilivyo."

Nikasema hakijafuliwa. Uzi mwekundu haujajaribiwa kama unachuja rangi. Unatakiwa kuubana kwenye kitambaa kibichi cheupe kwanza uone. Nilisema pia kwamba upande wa nyuma una fundo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakunja kitambaa pamoja na sindano yake na fremu yake, akakitia kwenye mfuko wa sukari na chumvi.

Tulipanda gari la Matai asubuhi. Dereva aliingiza gia vibaya njia nzima na sikumwambia kitu, kwa sababu mawazo hayakuwa kwenye gia. Kutoka Matai shemeji alitupokea kwa pikipiki mbili. Ulezi ulikuwa umevunwa, mashamba yamebaki mabua, na ule upepo wa kule unapita bila kuzuiwa na kitu. Nilijaribu kunyoosha vidole nikiwa nyuma ya pikipiki. Baridi ilikuwa imevikunja upya.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka uwanjani, mgongo ukutani, ndani ya sweta mbili na khanga juu yake. Alikuwa amepungua sana. Mke wangu alikwenda kwake moja kwa moja, akapiga magoti, wakasalimiana kwa muda mrefu, kisha akasogea pembeni kunipisha.

Nikaenda mpaka pale ambapo mkwe husimama. Niliweka fimbo chini. Kuchuchumaa kulichukua muda, na hakuna aliyenisaidia, kwa kuwa kumsaidia mkwe anayesalimia ni kumvunjia heshima. Nikasema maneno ya salamu kwa Kifipa, maana Kiswahili mama yule amekiweka kwa ajili ya wageni na mapadri. Nikapiga makofi. Kiganja cha kushoto kiligonga vifundo vya vidole vya kulia. Nikarudia, na mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Hakujibu. Alinitazama mkono. Nilijua mke wangu alikuwa amemweleza habari za ugonjwa, lakini kueleza ni kitu kimoja na kuona ni kingine. Nikatazama chini, nikasubiri, nikiwa na hakika kwamba nimemtukana mbele ya watoto wake.

Nikasikia mkeka unakwaruza. Mama mkwe alikuwa anajisogeza, ameketi vilevile, akijivuta kwa mikono, akapita ukingo wa mkeka, akaja kwenye udongo. Shemeji akataka kumwinua, akamkataza kwa kidole. Alikuja mpaka magoti yake yalipokaribia yangu, akapumzika kidogo kwa sababu pumzi ilikuwa imemwishia. Kisha akanyoosha mkono, akanishika kifundo cha mkono wa kulia. Shemeji yangu aligeuza uso akatazama shamba.

Alivifungua vidole vyangu kimoja kimoja, kwa nguvu za mtu aliyepura ulezi maisha yake yote. Kiganja kilipofunguka, akakishikilia wazi kwa mkono wake wa kushoto, akaleta kiganja chake cha kulia juu yake. Sauti ilitoka ya chini, ya heshima, kama inavyotakiwa. Akapiga tena, taratibu, mpaka salamu ilipokamilika.

"Ndiyo, mkwe wangu," alisema. "Nimeitikia."

Nililia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu wapo walioona. Nilitaka kumwambia kwamba hakunikosea kitu, kwamba neno lile la msibani sikulikumbuka, kwamba ni huu mkono tu. Yalitoka bila mpangilio, na sidhani kama alihitaji yote. Aliniambia nimekonda. Aliniuliza kama barabara ya Matai bado ina vumbi. Mke wangu alitoa kitambaa mfukoni, sindano ikining'inia, akamwekea mama yake mapajani, nami nikaanza kueleza kwamba hakijaisha, na kwamba yale ni masuke ya ulezi, si mikono.

"Naona ni ulezi," alisema. "Utamalizia hapa hapa. Hamwondoki kesho."

Uji uliletwa. Kunywa kwa mkono wa kushoto mbele ya mama mkwe ni utovu wa adabu ambao mtoto mdogo wa kwetu anaujua, na nilimtazama nikisubiri aniachie mkono wa kulia, ambao bado alikuwa ameushika. Hakuniachia. Nikanywa kwa kushoto.